Tulishushe Bango la Twiga

Kila muhula, chama chetu kinapotangaza usiku wa vyakula, mdahalo au sherehe ya kufunga mwaka, bango huwa lile lile. Jua linazama, mgunga umesimama peke yake, twiga anapita zake. Maneno ya Kiswahili yako chini, kwa rangi ya chungwa. Ukilitazama vizuri utaona kwamba hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Hakuna nyumba, hakuna meza, hakuna mkeka. Sisi tunaoandika makala haya tumezaliwa au tumekulia hapa Marekani, na wazazi wetu wametoka Mombasa, Dar es Salaam, Bukavu na Bujumbura. Hakuna hata mmoja wetu aliyelelewa na twiga.

Tunapendekeza bango hilo lishushwe. Na kwa kuwa si vizuri kubomoa bila kujenga, tunataka kueleza ni kitu gani kitundikwe badala yake. Hoja yetu tunaipitisha kwa mchoraji mmoja wa Nigeria, Njideka Akunyili Crosby, anayeishi na kufanya kazi Los Angeles. Huenda mwalimu wetu mmoja akauliza: Mnigeria anatafuta nini katika jarida la Kiswahili? Jibu letu ni kwamba swali tunaloulizwa sisi kila siku, kwamba kwenu ni wapi na kunafananaje, yeye amelijibu kwa karatasi na rangi kwa zaidi ya miaka 10, na amelijibu bila kuchora machweo.

Kwanza maisha yake. Njideka alizaliwa mwaka 1983 Enugu, mji wa makaa ya mawe kusini mashariki mwa Nigeria, katika familia ya Kiigbo. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji. Mama yake, Dora Akunyili, alikuwa mtaalamu wa dawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Nsukka. Njideka alisoma Queen's College, shule ya bweni ya wasichana mjini Lagos, na hapo ndipo msichana wa Enugu alipojifunza maisha ya jiji. Kisha mama yake akashinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, na mwaka 1999 Njideka, akiwa na umri wa miaka 16, akaja Philadelphia pamoja na dada yake.

Hapo tayari baadhi yetu tunajikuta ndani ya hadithi. Kuna wanachama wa chama hiki ambao familia zao zilifika hapa kwa bahati nasibu hiyo hiyo. Mzazi mmoja alijaza fomu, jina likatoka, ukoo mzima ukapata mwelekeo mwingine. Wengine wetu tulifika kwa njia ya ukimbizi, na hilo tutalirudia.

Alipofika Philadelphia, alisoma kwanza katika chuo cha jamii, na huko ndiko alikopata darasa lake la kwanza la kuchora kwa rangi za mafuta. Baadaye aliingia Swarthmore, akasoma baiolojia pamoja na sanaa. Njia iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya udaktari, kama ilivyo kwa watoto wengi wa wahamiaji. Alipohitimu mwaka 2004 alirudi Nigeria kwa mwaka mmoja wa utumishi wa taifa, na aliporejea Marekani alikuwa ameshaamua kuwa mchoraji. Akasoma katika chuo cha sanaa cha Pennsylvania, kisha Yale, alikomaliza shahada ya uzamili mwaka 2011, na baada ya hapo akapewa nafasi ya mwaka mmoja ya kufanya kazi katika Studio Museum ya Harlem. Mwaka 2017 alipata tuzo ya MacArthur, ambayo mwaka huo ilikuwa dola 625,000 zinazotolewa bila masharti.

Tunaomba msomaji asikimbilie tuzo. Asimame kidogo kwenye ule mwaka wa utumishi wa taifa. Msichana aliyeondoka akiwa na miaka 16 alirudi akiwa mtu mzima, akaiona nchi yake kwa macho ya mgeni na ya mwenyeji kwa pamoja. Mtu aliyekaa nyumbani siku zote haoni kopo la maziwa mezani; limekuwepo tangu azaliwe. Mgeni halioni pia, maana hajui lina maana gani. Aliyeondoka akarudi ndiye anayeliona. Kila mmoja wetu aliyewahi kwenda likizo kwa bibi anajua jambo hili: siku ya kwanza unaona kila kitu, hata rangi ya ndoo ya bafuni.

Sasa tutazame kazi zenyewe. Michoro ya Njideka ni mikubwa, mingi ikiwa kwenye karatasi. Ukiwa mbali unaona chumba cha kawaida: kiti, meza, zulia, mwanamke ameketi, labda mume wake amelaza kichwa mapajani mwake. Ukisogea karibu, chumba kinaanza kujaa watu. Ukuta, sakafu, nguo, hata ngozi ya mguu, vimejaa picha ndogo ndogo: wanamuziki na wanamitindo wa Nigeria, mawakili waliovaa mawigi meupe, watawala wa kijeshi, harusi za jamaa, matangazo ya biashara. Picha hizo huzitoa katika albamu za familia na magazeti ya Nigeria. Huzichapa, kisha kwa kutumia asetoni, kimiminika kile kile kinachotoa rangi ya kucha, huihamisha wino kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Picha inayohama hupoteza kitu njiani. Hufifia, pengine hubaki na mikwaruzo. Juu yake na kando yake huongeza rangi ya akriliki, penseli za rangi, mkaa na vipande vya karatasi na kitambaa.

Hatuoni haja ya kueleza sana kwa nini mbinu hii inatugusa. Kitu kinachohamishwa kutoka karatasi moja kwenda nyingine hufika kimefifia, lakini hufika. Wazazi wetu walituhamishia Kiswahili kwa namna hiyo hiyo.

Chanzo cha kwanza cha msukumo wake, kwa maoni yetu, ni mama. Dora Akunyili alikuja kujulikana Nigeria nzima kuanzia mwaka 2001, alipopewa kuongoza mamlaka ya taifa ya kudhibiti vyakula na dawa. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1988, mdogo wake mwenye kisukari alifariki baada ya kupewa insulini bandia. Alipopata madaraka aliwaandama wauza dawa bandia bila kuchoka, mpaka mwaka 2003 gari lake likashambuliwa kwa risasi, na risasi moja ikapita kwenye kilemba chake. Alinusurika. Baadaye alikuwa waziri wa habari, na alifariki mwaka 2014.

Binti angeweza kumchora mama huyu kama shujaa, amesimama na bendera nyuma yake. Hakufanya hivyo. Katika baadhi ya michoro yake sura ya mama inaonekana kwenye kitambaa, kile ambacho Afrika Magharibi huchapwa picha ya kiongozi, ya marehemu au ya bwana na bibi harusi ili watu wavae. Sura inarudiwa mara nyingi kama maua ya pazia, imekuwa sehemu ya ukuta wa nyumba. Katika mchoro wa mwaka 2014 wenye jina Mama, Mummy and Mamma, vizazi vitatu vya wanawake wa familia moja vinakutana: mmoja ameketi mezani, wakubwa wake wako ndani ya fremu za picha. Jina la mchoro peke yake ni somo la historia. Neno la kumwita mzazi linabadilika kutoka kijijini, kwenda mjini, kwenda ng'ambo, lakini anayeitwa ni yule yule, na heshima yake ni ile ile.

Sisi watu wa kanga hatuhitaji kuelezwa kwamba kitambaa kinaweza kusema. Kanga ina jina lake, yale maandishi ya pindoni, na mwanamke anaweza kumjibu jirani yake bila kufungua mdomo. Tunazo pia kanga zenye sura za viongozi; baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008 zilichapwa kanga zenye sura ya Barack Obama, na tuna hakika kwamba baadhi yake bado zimekunjwa katika masanduku ya mama zetu. Lakini ni mara ngapi sisi wenyewe tumeichukulia kanga ile kama kumbukumbu ya kihistoria, yenye mwaka na sababu, na si kama kitambaa cha kufungia zawadi?

Chanzo cha pili ni nyumba yenyewe na vitu vyake. Mchoro wake mmoja wa mwaka 2012 una jina la anwani tu: namba 5, mtaa wa Umezebi, New Haven, Enugu. New Haven ni mtaa wa Enugu. Ni pia jina la mji wa Marekani kilipo chuo cha Yale. Mwingine wa mwaka 2013 unaonyesha meza ya chai katika mtaa huo huo wa Enugu. Chai ililetwa Nigeria na Waingereza, lakini ile meza si ya Uingereza tena. Imezoea. Ina vyombo vyake, mpangilio wake, adabu yake. Wasomaji wetu wanajua meza kama hiyo: chupa ya chai yenye maua, vikombe vya wageni visivyoguswa na watoto, sukari iliyofunikwa kwa kitambaa kilichofumwa na shangazi.

Baadaye alichora mimea. Mchoro wa Cassava Garden wa mwaka 2015 umejaa majani ya muhogo, na ndani ya majani hayo mna picha za watu na mambo ya Nigeria. Hapa pia tuna la kusema. Katika chama hiki jani la muhogo lina majina matatu. Wenzetu wa Tanzania huliita kisamvu, wa Congo sombe, wa Burundi isombe, na usiku wa vyakula kila mmoja anadai kwao ndiko linakopikwa vizuri zaidi. Jani hilo moja lingetosha kwa bango zima. Lina watu ndani yake.

Chanzo cha tatu ni waandishi. Njideka amewahi kumtaja Chinua Achebe kama mtu aliyemfungulia njia, hasa namna Achebe alivyokichukua Kiingereza akakipinda mpaka kikabeba mambo ya Kiigbo. Naye alitaka kufanya vivyo hivyo na uchoraji aliofundishwa Marekani, uchoraji wa vyumba na mwanga wenye historia ndefu ya Ulaya. Mfululizo wake wa picha za watoto wa Nigeria, wakiwemo ndugu zake mwenyewe, ameupa jina kutoka kwenye riwaya ya mwaka 1968 ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, The Beautyful Ones Are Not Yet Born. Na kabla yake walikuwepo wachoraji wa Nigeria waliojiuliza swali hilo hilo: mwaka 1958 wanafunzi wa sanaa wa Zaria, akiwemo Uche Okeke, waliunda chama chao, wakasema msanii wa nchi inayokaribia uhuru achague kwa hiari yake nini achukue kutoka kwa mababu na nini achukue kutoka kwa wageni. Tunapenda kukumbusha kwamba nao walikuwa wanafunzi wa chuo, katika chama cha wanafunzi.

Kwa hiyo hatukubaliani na maelezo yanayopatikana karibu katika kila habari inayomhusu mchoraji huyu, kwamba yuko katikati ya dunia mbili. Maneno hayo tumeyasikia wenyewe tangu shule ya msingi. Yanasemwa kwa upendo, lakini yanatuweka kwenye daraja. Daraja ni mahali pa kupita; hakuna anayeweka kitanda pale. Michoro ya Njideka haionyeshi daraja. Inaonyesha chumba kilichojaa, chenye mlango, chenye watu waliokaa. Mume wake ni Mmarekani mweupe waliyefahamiana Swarthmore, na katika mchoro wa mwaka 2012 alioupa jina la Kiigbo, Nwantinti, wawili hao wako chumbani kwao, wametulia. Huwezi kusema Nigeria imeishia wapi na Marekani imeanzia wapi, na wao hawaonekani kuwa na shida ya kujua. Shida ni ya mtazamaji.

Vilevile hatupendi maisha yake yanapogeuzwa kuwa hesabu ya minada. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 kazi zake zimekuwa zikiuzwa minadani kwa zaidi ya dola milioni moja. Lakini mchoro unapouzwa mara ya pili hapa Marekani, fedha huenda kwa aliyekuwa anaumiliki, na sheria haimpi mchoraji fungu. Kinachosimuliwa kama utajiri wake mara nyingi ni utajiri wa wengine. Mwaka 2018 yeye mwenyewe alitoa mchoro wake, Bush Babies, upigwe mnada kwa faida ya Studio Museum ya Harlem, na ukauzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Hadithi hiyo ndiyo tungependa watoto waisikie: jumba lililomlea alipokuwa kijana, aliporudi kwake hakurudi mikono mitupu.

Tunajua kuna hoja mbili zitakazoletwa dhidi yetu, na zote mbili ni nzito.

Hoja ya kwanza ni ya walimu wetu. Watasema: mkishaanza kusifu mchanganyiko, mtapata kisingizio cha kutosahihisha Kiswahili chenu. Mtachanganya ngeli, mtasema "kitabu yangu", kisha mtatuambia kwamba hiyo ni sanaa. Na wataongeza kwamba Achebe si neno la mwisho. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda njia nyingine, akakiacha Kiingereza na kuandika riwaya zake kwa Gikuyu, na chama cha Kiswahili kinapaswa kusimama upande wa Ngũgĩ.

Tunawaheshimu walimu wetu, na kwa jambo hili wana haki kuliko wanavyodhani. Njideka hakuchanganya kwa sababu hakujua. Alikulia Nigeria miaka 16, Kiigbo anacho, na kila picha anayoihamishia kwenye karatasi ameichagua: anajua ni ya nani, ya mwaka gani, na kwa nini ikae gotini na isikae ukutani. Kazi inayochukua miezi si uzembe. Kwa hiyo asiwe kisingizio chetu. Akiwa kipimo, sisi tuna deni kubwa zaidi yake, maana tulianza na kidogo. Anayetaka kuchanganya vizuri lazima avijue vyote viwili anavyovichanganya. Tunachokataa ni kitu kimoja tu: kuitwa nusu. Ngeli tutajifunza. Lakini Kiswahili cha jikoni tulichopewa na mama zetu, chenye lafudhi ya Bukavu au ya Mombasa, kisifutwe ubaoni kana kwamba ni kosa la tahajia. Kianze nacho darasa, kisha lijengwe juu yake.

Hoja ya pili inatoka kwa wanachama wenzetu, na hii inauma zaidi. Njideka ni binti wa daktari na waziri. Albamu anazo. Je, wale ambao familia zao zilitoka Kivu usiku, wakapita Ziwa Tanganyika, wakakaa Nyarugusu miaka mingi kabla ya kupata ndege ya kuja huku? Ukiwaambia walete picha ya sebule ya bibi, watakuletea nini? Kwa baadhi yao picha ya kwanza ya familia ni ile iliyopigwa na ofisa kwa ajili ya karatasi za safari.

Hatuwezi kuikwepa hoja hii kwa maneno matamu. Lakini tumeitazama tena michoro, na tunaona kwamba sehemu kubwa ya vilivyomo si mali ya familia moja. Magazeti, matangazo, nyuso za wanamuziki, vyombo vya mezani: hivyo ni vya kila mtu aliyeishi Nigeria miaka ile. Kumbukumbu haikai katika albamu peke yake. Inakaa katika beseni la plastiki, katika kitenge cha siku ya sherehe, katika redio iliyosikilizwa na mtaa mzima, katika namna ya kukunja blanketi. Mtu asiye na picha anaweza kuchora. Asiyejua kuchora anaweza kueleza, na mwenzake akachora. Hata ile picha ya karatasi za safari ni picha. Iliyohamishwa imefifia, lakini imefika. Na tungependa kusema wazi kwamba kama kuna kumbukumbu za kukimbilia mapema kuliko nyingine, ni hizo, kwa sababu hazina nakala popote. Mzee anayejua jina la kila jirani wa mtaa ulioachwa akiondoka, mtaa wote umeondoka.

Mwaka 2018 Njideka alipewa ukuta wa nje wa jumba la sanaa ya kisasa la Los Angeles, akaufunika kwa mchoro alioupa jina la Kiigbo: Obodo. Kando ya neno hilo aliongeza maneno ya Kiingereza yenye maana ya nchi, jiji, mji na kijiji cha asili. Yaani neno moja la Kiigbo lilihitaji maneno kadhaa ya wenyewe wa jiji ili lieleweke. Tumelijadili sana neno hili sisi kwa sisi. Kiswahili nacho kina maneno ya aina hiyo. Mji ni mahali penye watu wengi, na mji wa mimba ni mahali tulipokaa kabla ya kuzaliwa. Kwetu ni nyumba, ni mtaa, ni ukoo, ni nchi, na anayesema "naenda kwetu" haulizwi ni kipi kati ya hivyo, maana ni vyote. Twiga hakai katika neno kwetu. Anayekaa humo ni mtu.

Basi mapendekezo yetu ni haya, na tunaomba yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao wa chama.

Kwanza, bango la twiga listaafu kwa heshima. Hatuna ugomvi na mnyama. Ni mzuri, na nyumbani kwake ni mbugani.

Pili, kila mwanachama alete kitu kimoja kutoka nyumbani kwao: picha, kanga au leso, kikombe, kitabu cha dua, kadi ya harusi, au mchoro wa kitu kisichokuwepo tena. Vitu hivyo tuvipige picha, tuvipange pamoja, na humo ndimo tutakamotoa mabango ya mwaka mzima.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kila kitu kiandikiwe maelezo ya Kiswahili yasiyozidi maneno 100, na maelezo hayo yaandikwe baada ya mwanachama kumpigia simu mzee mmoja wa kwao na kumuuliza. Kitu hiki kilinunuliwa wapi? Nani alikitumia? Kinaitwaje kwa lugha ya huko? Walimu wetu tunawaomba wasahihishe ngeli, na wasiguse majina. Kama mama wa mtu amesema sombe, iandikwe sombe.

Tunajua simu hizo zitakuwa ngumu. Wengine tutaishiwa maneno dakika ya pili. Bibi ataanza kwa kuuliza umekula nini, utaoa lini, mbona umekonda kwenye picha. Shikamoo itafuatwa na kimya kirefu. Lakini hakuna darasa la Kiswahili linaloweza kuichukua nafasi ya simu hiyo, na hakuna anayejua ni miaka mingapi zaidi itapokelewa.

Njideka Akunyili Crosby anatoa kazi chache kwa mwaka kwa sababu kukusanya kunachukua muda mrefu kuliko kuchora. Sisi tuna muhula mmoja, wanachama wenye nyumba katika nchi nne au tano, na simu zilizojaa namba za shangazi. Mkutano ukiafiki, tuanze Jumamosi hiyo hiyo, asubuhi, kabla huko kwetu hakujawa usiku.